Kibuyu Kilichotoka na Pazia

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Wewe Kibiriti,

Huna haya. Naanza na hilo ili usije ukasema salamu zilikuchanganya. Huna haya hata chembe, na kama umeketi, inuka. Barua hii isome umesimama.

Jana asubuhi nilishuka chemchemini na ndoo yangu kama kawaida. Nikainama kuteka. Maji yanatoka taratibu chini ya mwamba, maana ni kiangazi, na mara kitu kinanigonga kidoleni: tuk, tuk. Nikadhani chura. Nikatazama, kibuyu! Kibuyu kidogo, mdomo umezibwa kwa nta, shingoni kimefungwa vitambaa. Haya niambie, katika dunia yote hii, ni watu gani wanaotupa kibuyu chenye nta kule Kooni, pale mto unapomezwa na mwamba, halafu wanangoja kitokee huku chini kwangu? Ni watu wawili tu. Mmoja ni mimi. Na mimi sikukitupa.

Kitambaa cha kwanza nilikijua kabla sijavaa miwani. Aproni yako ya kazini, ile ya buluu niliyokushonea kwa mkono wangu ili usijikate tumbo na hivyo vioo vyako. Nikasema, loo, mjukuu wangu yuko bondeni! Nikaacha ndoo palepale. Nikapanda nyumbani, nikawasha moto, nikafagia mpaka nyuma ya mlango ambako hata panya hawapiti. Nikakaa. Chai ikapoa, nikaipasha. Ikapoa tena. Jua likazama. Hakuna mtu.

Ndipo nikakichukua tena kile kibuyu nikakitazama kitambaa cha pili. Zambarau. Kina uzi wa dhahabu. Kibiriti, hicho ni kitambaa cha pazia! Tangu lini mtu mwenye akili zake akafunga pazia kwenye kibuyu? Na pazia lenyewe nalijua. Ndilo linaloning'inia sebuleni kwako, alilokushonea mama wa mumeo, na siku ile nilipokuja kukutembelea alinieleza habari za uzi wake kabla hajaniuliza hali yangu.

Basi umemleta. Umempitisha kwenye bonde letu, umemfikisha Kooni, umemfundisha mchezo wetu. Kila mtu afunge kipande cha nguo yake mwenyewe: hiyo sheria niliitunga mimi, wakati wewe huwezi hata kutamka kibuyu, unasema "bubuyu". Leo hii kina aproni, kina pazia. Changu kiko wapi? Nimekigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu la sindano. Changu hakipo.

Usinipigie simu. Simu nimeizima, iko ndani ya gunia la maharage. Kwenye simu unanikatiza, kwenye barua hunikatizi. Andika, umpe kondakta wa basi la asubuhi. Uniambie mlipita wapi, na ni kitu gani kilichowafanya mfike Kooni mkashindwa kuteremka mpaka mlangoni kwangu.

Bibi yako, kama bado unamhitaji.


Jumanne, tarehe 11 Agosti

Shikamoo Bibi,

Barua nimeisoma nimesimama. Nilikuwa karakanani, nimeegemea meza ya kukatia vioo, mpaka fundi mkuu akaniuliza nani amefariki.

Ni kweli tulikwenda. Mama alitaka kubadilisha hewa kidogo, amekuwa akikaa ndani sana. Dereva wa lori la machimbo huja kwetu kuchukua vioo vya madirisha ya ofisi yao, akatupa lifti mpaka huko juu, tukaingilia upande wa machimbo. Tukatembea kidogo tu. Tulipofika Kooni muda ulikuwa umekwenda na lori linatungoja, tukarudi tulikotoka. Ningependa kuteremka kwako, Bibi, lakini njia ile ya mawe ni ndefu na Mama amechoka.

Kibuyu kilikuwa mchezo tu. Nilijua maji ni machache, nikadhani kitakwama humo ndani mpaka mvua. Sikujua kingekufikia na kukupandisha presha.

Usikasirike. Nitakuja, na nitakapokuja nina jambo la kukuomba. Ila nakusihi, siku hizi usipande bondeni peke yako. Mawe yanateleza.

Mjukuu wako,
Kibiriti


Ijumaa, tarehe 14 Agosti

Kibiriti,

"Mama alitaka." "Mama amechoka." Mama nani? Mama yako nilimzika mimi, na tangu siku ile hukumwita mtu mwingine jina hilo. Hata mimi niliyekulea, niliyekutafunia nyama ulipokuwa huna magego, hukuniita. Sikukudai. Nilijiambia mtoto jina hilo amelifungia kabatini, siku akitaka atalitoa. Kumbe umelitoa, umemvisha mshona mapazia.

Na unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kidogo tu." Bonde langu limekuwa kidogo tu! Mkaingilia juu, kwenye vumbi la machimbo, kama wezi wanaopitia uani. Ni nani aliyekufundisha kuingilia juu? Bonde linaingiliwa chini, kwangu. Unaanzia chemchemini, unakunywa kwanza. Unapita tanuru la chokaa ambalo mimi na babu yako tulilichoma mpaka nyusi zetu zikawa nyeupe kabla ya uzee. Kisha unaushika mto mkavu, juu ya yale mawe makubwa yaliyolala kama ng'ombe, na chini ya nyayo zako unausikia mto wenyewe unakwenda gizani, unaguna. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalaza sikio juu ya jiwe unaniambia, "Bibi, kuna mtu ananawa." Hapo ndipo penye jasho. Ndipo mtu anastahili kufika Kooni. Mtu aliyeshushwa na lori anastahili nini?

Na kule juu ya Kooni ulimwonyesha nini? Nijibu moja moja. Ulimwonyesha konokono wa mawe, wale waliogandia ukutani tangu dunia haijapoa? Mlipofika Mlangoni, pale kuta mbili zinapokaribiana mpaka mtu anapita kwa ubavu, alipita au alikwama? Nauliza tu. Alipiga makofi ili mbayuwayu watoke wote kwa pamoja, au ulimnyima hilo japo moja? Na kule Chumba Cheupe, chini ya lile jabali linalochuruzika maji, mlikula juu ya jiwe bapa? Nani alikaa mahali pangu? Usiniambie hujui ni wapi. Pameingia kidogo, pamechukua umbo langu kabisa, nimepakalia maisha yangu yote.

Na usinifundishe kuhusu mawe kuteleza. Mimi mawe haya nimeyavunja, nimeyachoma, nimeyauza, nimepaka nayo kuta za nusu ya watu wa huku. Jumapili iliyopita tu nimekwenda mpaka Chumba Cheupe na kurudi, peke yangu, na nilikuwa ninaimba. Viatu vyangu vya bonde vimelika visigino kwa kutembea. Kwa hiyo kama ulidhani bibi yako amekuwa wa kuachwa nyumbani na wa kusubiri chai ipoe, umekosea mlango.

Na hilo jambo lako la kuniomba, kamwombe Mama.

Mimi,
bibi mzaa mama yako, yule aliye chini ya ardhi.


Jumatano, tarehe 19 Agosti

Kwa mzazi mwenzangu,

Salamu nyingi. Samahani kwa kukuandikia bila kualikwa. Mwanangu huyu, mjukuu wako, hajui kama ninaandika. Barua yako aliiacha juu ya friji, nikaisoma. Ndiyo, niliisoma yote, mpaka pale uliponiita mshona mapazia, na sikuona tusi hapo. Ndiyo kazi yangu. Sasa nakujibu moja moja kama ulivyotaka, kwa sababu yeye hatakujibu.

Konokono alinionyesha. Alisema, "Bibi anasema hawa walichelewa kwenda nyumbani." Mlangoni nilikwama. Alinisukuma kwa bega huku akisema, "Bibi hupita hapa kama barua chini ya mlango." Mbayuwayu nilitaka kuwapigia makofi, akanikataza, akasema hao ni wako, tusiwaguse. Na kwenye Chumba Cheupe, nilipotaka kukaa kwenye lile jiwe bapa, kwenye kile kishimo laini, akanishika mkono: "Hapo pa Bibi." Nikaenda kukaa kwenye jiwe lenye ncha. Sketi yangu ilitoboka. Unauliza nani alikaa mahali pako. Hakuna, mzazi mwenzangu. Mahali pako palikaa wazi, na bado ulikuwa umetuzidi wote kwa ukubwa.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi sikuzaa binti. Siku aliponiambia, "Mama, twende tukatembee bondeni," nilishona gauni jipya. Nilidhani ni matembezi yangu na yeye. Kila kona ikawa Bibi. Kila jiwe Bibi. Nilitembea kutwa nzima nyuma ya mtu ambaye hayupo, na siwezi kumpita.

Halafu nikaona ana chaki mfukoni. Mimi goti langu la kushoto ni bovu, yeye anajua, kila wiki ndiye anayelikanda. Basi akawa ananiuliza: "Hapa linauma? Hapa unaweza kupanda bila kushikwa? Hapa ungetaka kupumzika?" Nikafurahi, nikasema mwanangu ananijali. Kumbe kila nikisema linauma, anachora alama nyeupe kwenye jiwe. Nikamuuliza alama za nini. Akasema, bila hata kunitazama, "Ukiweza wewe na goti hilo, na Bibi ataweza na lake."

Yaani mimi nilikuwa gari la majaribio.

Tulishindwa kuteremka kwako kwa sababu yale mawe ya mto mkavu goti langu lilikataa, likavimba kama andazi. Yeye alitaka aniache hapo akimbie kwako mara moja, nikakataa kubaki peke yangu. Hilo nilaumu mimi.

Kuhusu vitambaa. Vilikuwa vitatu. Chekundu kilikuwepo, upindo wa lile gauni lako lililo kwenye sanduku lake, alikuwa nacho tayari kwenye mkoba kabla hatujatoka nyumbani. Yeye vidole vilikuwa na plasta, alijikata kazini, kwa hiyo alishika kibuyu nikafunga mimi. Kama hakikufika, basi maji yamekichukua.

Anataka mpite bondeni wewe na yeye kabla yeye na mumewe hawajahamia kule mumewe alikopata kazi ya umeme, maana kutoka huko hata basi linalala njiani, na kuja kuonana itakuwa mara chache. Bila shaka habari hizo alikupa wewe kwanza, kama zote. Mimi niliambiwa baadaye, jikoni, nikiwa na sufuria mkononi. Wewe huenda umeshazipokea. Mimi bado.

Ni mimi,
mama wa mume wa mjukuu wako.


Jumapili, tarehe 30 Agosti

Shikamoo Bibi,

Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Kondakta anasema unapokea bahasha, unaitia kifuani, unamwambia "nenda zako." Anasema hata hukumtukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama ameniambia alichokuandikia. Alidhani unajua. Amelia mpaka ameacha pazia la mteja kwenye cherehani, nusu limeshonwa. Usimkasirikie. Nikasirikie mimi.

Ndiyo, tunahama, mwezi huu unaoanza ukifika mwisho. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokuambia. Ningekufikisha Chumba Cheupe, ukae mahali pako, ule, ushibe, ndipo nikuambie, ili ukitaka kunipiga uwe na nguvu na ukitaka kulia uwe na mahali. Sikutaka nikuambie kwa simu, halafu ukate, ubaki humo ndani peke yako na goti lako.

Na goti sikuambiwa na mtu, kwa hiyo usianze kuwasaka majirani. Mara ya mwisho nilipokuja uliniambia jana yake tu ulipanda bondeni. Nikaenda nyuma ya mlango kutafuta ufagio, nikaona viatu vyako vya bonde. Kuku alikuwa amekaa ndani ya kimoja, analalia mayai, na kiatu cha pili kimejaa majani makavu. Alinitazama kama mwenye nyumba. Bibi, kuku halalii kwenye kiatu kinachotembea. Nilirudisha ufagio nikanyamaza, kwa sababu nakujua. Ningesema neno "goti", ungetoka mbio kupanda mlima ili kunionyesha, na ungeanguka.

Ndiyo maana nikampeleka Mama kwanza. Sikumwambia mapema, na hapo nimemkosea, nimeshamwomba radhi. Nilitaka nione kwa macho yangu njia inayowezekana. Inawezekana, Bibi. Kutoka machimbo hadi Kooni ni mchanga na nyasi, mteremko mdogo. Pagumu pote nimepawekea chaki, na kila penye chaki pana jiwe la kukalia. Mlangoni nitatangulia, utashika mabega yangu. Dereva wa lori amekubali kuja kukuchukua nyumbani Jumamosi ya tarehe 12, utakaa mbele, kiti kina mto. Ila iwe kabla ya mvua, maana ikinyesha chaki inafutika na njia inakatika.

Najua utasema kuingilia juu ni wizi. Lakini mawe ya mto mkavu hayatapitika tena, si kwako, si kwa Mama. Ni hivyo au basi.

Na kuhusu lile jina. Jina la Mama lilikuwa wazi, Bibi, halikuwa na mtu, nikampa. La kwako lina mwenyewe tangu sijajua kusema kibuyu. Ningekuita vipi jina lingine?

Ukikataa nitakuja vilevile, nitakaa hapo uani nikutazame unavyonikasirikia mpaka basi letu liondoke.

Kibiriti


Alhamisi, tarehe 3 Septemba

Kwenu nyote wawili,

Mmoja asome kwa sauti, mwingine asikatize.

Naanza na wewe Kibiriti. Vifaranga wametoka, wako wazima, asante kwa kuuliza. Kiatu hakivaliki tena. Na kama ulimwona kuku ukanyamaza, na mimi nilikuona ulivyorudisha ufagio bila kufagia, nikanyamaza. Umerithi kwangu, sina la kusema.

Ndiyo, goti limegoma. Tangu mvua zile zilizopita sijapita tanuru. Natoka kitandani mpaka chemchemini, chemchemini mpaka kitandani, na kurudi napumzika njiani na ndoo kama mgeni asiyejua nyumba iko wapi. Umefurahi? Nimeliandika. Lisisomwe mara mbili.

Hizi wiki nilizokaa kimya, mlidhani nimenuna. Nilinuna, ndiyo. Nilimwonea wivu huyu mshona mapazia mpaka usingizi ukanikimbia. Nilimwonea wivu kondakta kwa sababu jioni anarudi huko ulipo. Sasa nimeanza kuuonea wivu huo mji unakokwenda, ambao siujui hata unanukaje, kwamba watu wa huko watakuona asubuhi unakwenda kazini na aproni yangu kiunoni na hawatajua wana nini. Roho yangu ndivyo ilivyo, na sitaanza kuitengeneza leo. Lakini mtu hafungi mlango kwa sababu mgeni amesema ataondoka. Nenda na mumeo. Kula vizuri. Ukijikata vidole nitajua.

Sasa wewe, mzazi mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Pale kwenye sketi kutoboka nilicheka peke yangu, kuku wakakimbia. Pale uliposema ulitembea nyuma ya mtu asiyekuwepo, sikucheka. Mimi huku nilikuwa nimekaa na chai iliyopoa, nafikiria unavyotembea mbele yangu kwa madaha, umeshika mkono wa mjukuu wangu, umekalia jiwe langu. Kumbe kila mmoja anamwona mwenzake mgongo. Hata wazee wenye akili wanaweza kuwa wapumbavu namna hiyo, sembuse sisi.

Lakini kuna jambo moja hatutalipita hivihivi. Nilikitoa tena kile kibuyu, nikakaa nacho mlangoni kwenye mwanga. Nikatazama mafundo. La pazia lako umelizungusha, umelipitisha, umelikaza, hata kwa kisu halifunguki vizuri. La aproni ya Kibiriti, vilevile. Halafu cha tatu, chekundu, changu, hakuna hata uzi uliobaki shingoni. Maji yamekichukua, unasema. Maji yale yale, kibuyu kile kile, mwamba ule ule, yakachagua kimoja! Wewe umeshona mapazia tangu usichana. Fundo lako haliachii isipokuwa wewe umelipa ruhusa.

Ulilegeza, mwanamke.

Usinijibu. Usiniandikie samahani, sitaisoma. Nakuambia tu kwamba nimeona, na kwamba mimi ningekuwa mahali pako, nimeshona gauni jipya, nimekalishwa kwenye jiwe lenye ncha, ningekitupa kichakani kabisa na kusema kimepeperushwa. Wewe angalau ulikifunga. Tangu nilipoliona hilo nimekuwa nakupenda kidogo. Usijivune, ni kidogo.

Haya, sikilizeni itakavyokuwa.

Jumamosi hiyo lori lije asubuhi, mimi nitakuwa nimesimama barabarani. Huyo dereva asipige honi, sipigiwi honi. Nitaingilia juu, kama mwizi. Bonde litanisamehe au lisinisamehe, tutamalizana huko huko. Kibiriti, utaniletea viatu vya namba yangu, vyenye soli ya kushika, visiwe na maua. Chakula napika mimi. Mlangoni nitapita kwa ubavu wangu mwenyewe, mabega yako nitayashika nikipenda. Mbayuwayu tutawapigia makofi wote watatu, mzazi mwenzangu na yeye apige, asije akasema alinyimwa mara mbili. Jiwe bapa ni pana. Yeye atakaa kushoto kwangu, goti bovu kwa goti zima, ili tukiinuka tushikane kwa upande unaofaa.

Kibuyu kipya ninacho, nimekikausha. Kooni kila mtu atafunga kitambaa chake kwa mkono wake, mbele ya macho ya wenzake. Chekundu nitafunga mimi. Kisha Kibiriti atakitupa, na tutarudi na lori mpaka kwangu kungoja.

Sasa, maji mwaka huu ni machache. Huenda kitoke kesho yake. Huenda kikwame humo na kutoka siku nyingi baadaye, Kibiriti akiwa ameshapanda basi lake na amefika. Mimi pale chemchemini peke yangu, nikipasha chai ya mtu asiyekuja, sikai tena. Hilo nimekwisha kulifanya na sikulipenda.

Kwa hiyo wewe, mshona mapazia, funga nguo za kubadilisha, si za siku moja. Beba na cherehani yako, lori lina nafasi. Kitanda kipo, cha Kibiriti, na dirisha lake halina pazia. Leta kitambaa, lakini usithubutu kuleta zambarau. Utakaa hapa na mimi, na kila asubuhi utashuka chemchemini na ndoo yako, na mimi na yangu, na hutaondoka mpaka kitoke.

Bibi,
mchoma chokaa.